Mwalimu Wetu wa Vipimo

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekulia Kirumba, hapa Mwanza, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, na mtoto wa pale masikio yake hukomaa mapema. Lakini mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu alinishtua nikiwa na miaka tisa, na mwezi uliopita amenishtua tena, mimi mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wangu na watoto wangu wawili. Nikipandisha sauti mnivumilie.

Wazazi walisema hafundishi. Mtoto anarudi nyumbani sare imejaa matope, daftari jeupe, ukimuuliza leo mmesoma nini anakwambia tumefinyanga milima. Madarasa mengine mwalimu aliandika ubaoni, watoto wakanakili, wakaimba jedwali la kuzidisha kwa sauti, siku ikaisha. Kwake chaki ilikaa mfukoni mpaka ikasagika humo pamoja na mbegu za maboga, vizibo vya soda, vipande vya kamba na punje za kahawa alizokuwa akitafuna, maana alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba na kahawa yake hakuiacha hata siku moja. Sketi zake zote alizishonea mifuko mikubwa. Akipita uwanjani mifuko inalia, na sisi tunajua leo kuna jambo.

Waliofika darasa la tatu hawajui kusoma, nao hawakuwa wachache, hakuwachapa wala kuwaita majina. Aliwaletea ugali wa jana uliokauka kidogo, akawaambia wafinyange herufi juu ya dawati. Bibi mmoja aliyekuja kumletea mjukuu wake daftari alisimama mlangoni akashika kichwa.

"Mwalimu, chakula kinachezewa shuleni?"

"Hachezei, mama. Anaandika. Akiandika sawasawa atakula."

Na kweli walikula. Yule bibi alizunguka mtaa mzima akieleza alichokiona kwa macho yake, na kila alipokieleza ugali uliongezeka. Mjukuu wake alijua kusoma kabla ya likizo, lakini hilo bibi hakulizungushia mtaa.

Siku ya samaki ndiyo iliyoleta kikao. Mwalimu alikuja na sato mzima kwenye ndoo, bado anapumua, akampasua mbele yetu juu ya meza yake na kutuita kwa vikundi tuguse. Ini hili. Matumbo haya. Na hiki kifuko cha hewa, bonyezeni, hiki ndicho kinachomfanya asizame. Sisi watoto wa Mwaloni tulikuwa tumeona samaki wakipasuliwa tangu tunabebwa mgongoni, lakini hakuna aliyewahi kutuambia tuulize kipi ni cha nini. Mtoto wa Kihindi wa duka la vitambaa, ambaye kwao hawali nyama wala samaki, alirudi nyuma mpaka ukutani. Mwalimu hakumlazimisha. Alimpa papai na kisu, akamwambia naye apasue atueleze mbegu zimejipangaje, na kama kuna aliyemcheka aje acheke mbele ya darasa. Hakuna aliyekwenda. Kisha sato akakaangwa kwenye jiko la mkaa chini ya dirisha la ofisi, na mwalimu mkuu akaitisha kikao mchana huohuo.

Basi mtu huyu wa kushika kila kitu alikuwa anaogopa chura. Tuliposoma wanyama wa majini na nchi kavu, alitutuma mferejini tulete vyura, tukawaleta, tukawashika, tukawahesabu vidole, na yeye muda wote amesimama juu ya kiti akituelekeza kwa sauti ya kutetemeka. "Mgeuzeni tuone tumbo. Wewe, mbali huko. Nimesema mbali." Tulicheka mpaka tukalala chini. Hakujificha wala hakutukataza kucheka, ila hakushuka.

Tena nyumbani kwake ungedhani unaingia kwa mtu mwingine. Alipanga mtaa wa pili kutoka kwetu, na siku mama aliponituma kumpelekea kitu nilisimama sebuleni sijui niweke wapi miguu. Viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vikombe vimepangwa kabatini, na kila nilichokitupia jicho nikasikia, "Usiguse hicho." Watoto wake wa kuzaa walikuwa wanakuja uani kwetu kuchezea matope. Mama alikuwa akisema Mhaya yule ana akili mbili, ya kazini na ya nyumbani, na funguo zake hazichanganyi.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Usiniamini mimi. Pima." Ukimuuliza kamba ipi ndefu, pima. Ndoo ipi nzito, pima. Kuna siku mwenzetu aliuliza kama mwalimu mkuu ni mrefu kuliko yeye, akampa kamba na kumtuma ofisini akampime. Mtoto akaenda. Tunachojua ni kwamba alirudi na kamba ikiwa na fundo mahali pake, na kwamba mwalimu mkuu alikubali kusimama.

Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na rula ndefu ya mbao, na hiyo ni ya kupimia tu. Walimu wenzake walimcheka, wakasema watoto wa Kirumba bila fimbo hawaendi, naye akajibu kwamba hata punda wa Kirumba hajamwona akiongezeka akili kwa fimbo. Katika vipimo vya maji na mchanga alikuwa na sheria moja: ukimwaga, sema, tuanze upya. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kumwaga. Tulimwaga kweli, sakafu ikawa tope, na tukasema.

Aliyemwaga kidogo kuliko wote alikuwa kiranja wetu. Mtoto mwembamba, mtaratibu, akibeba kikombe cha maji anashikilia pumzi mpaka afike. Mwalimu alimpenda waziwazi. Kazi yoyote ya kumimina ilikuwa yake, na kikundi kikibishana ataitwa kiranja apime upya, na akishapima yameisha.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunasoma ujazo, na mwalimu alisema kila mwenye kopo au ndoo ndogo nyumbani aje nayo. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni mpaka leo, na wakati ule alikuwa akiuza kwa kopo la bati la rangi, lile la lita nne. Siku hiyo mama alikuwa Magu kwenye msiba wa shangazi yake. Nilivuta kopo chini ya kitanda, nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikaenda nalo nikijiona. Mwalimu alifurahi, kwa sababu darasani alikuwa na kopo la aina ileile kabisa, kiwanda kilekile. Alitaka tuone kwa macho kwamba makopo ya aina moja hubeba sawa.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka ofisi ya elimu, mwanamume wa miwani, amekaa nyuma na karatasi zake. Alikuja kuona kama malalamiko ya wazazi ni ya kweli. Mwalimu alikaa karibu naye akimweleza, na mara ya kwanza tangu nimjue niliona jasho juu ya mdomo wake. Hata sisi watoto tulijua kwamba siku ile ikiharibika ataambiwa arudi kwenye ubao.

Kiranja alijaza kopo la mama mpaka pomoni. Akalinyanyua kwa mikono miwili, akalimimina lote kwenye kopo la darasa. Maji hayakufika juu. Hayakukaribia. Ilibaki nafasi ya kikombe kizima, au zaidi.

Mgeni akainua macho.

"Umemwaga," mwalimu akasema kutoka kule nyuma.

"Sijamwaga, Mwalimu."

"Angalia sakafu."

Sakafu yote ilikuwa imelowa tangu vikundi vya kwanza. Kiranja aliitazama, akamtazama mwalimu. "Hayo si yangu. Mimi sijamwaga."

"Kiranja. Ukimwaga tunasemaje?"

"Tunasema. Lakini sijamwaga."

Mwalimu alikuja mbele haraka, akachukua ile rula ya kupimia, akamwambia anyooshe mikono. Tulidhani anatania. Alimchapa viganjani, huku na huku, mbele ya mgeni. "Hili si la maji," alimwambia. "Hili ni la uongo." Kisha akatuambia tufungue vitabu. Kiranja alirudi kwenye dawati lake mikono ameiweka kwapani, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia, wala sikujua kwa nini.

Mama aliporudi nilimsimulia yote kwa pumzi moja. Alikuwa anakula. Nilipolitaja kopo tonge likasimama mkononi. Akaniuliza nani alimimina, nani aliona, mwalimu alisema nini, mgeni alisema nini, akanirudisha mwanzo kama hakimu. Nilipofika kwenye rula aliweka sahani chini.

"Amejua," alisema. "Mwalimu amejua. Amemchapa mtoto wa watu ili anisitiri mimi."

Hapo ndipo nilipoambiwa. Kopo la mama lilikuwa na vitako viwili. Fundi bati alikuwa amelichomelea kingine ndani, juu kidogo ya kile cha kiwandani, uwazi ukabaki katikati, kimelala sawasawa, huwezi kukitambua. Kila aliyenunua dagaa kwa mama alikuwa anaacha kiganja chake cha dagaa humo chini bila kujua. Mama alinieleza akiwa ameangalia ukuta. Baba alikuwa ametuacha, alisema, na kodi haingoji. Kesho yake alikwenda kwa fundi yuleyule akakitoa kile kitako cha juu, na tangu siku hiyo kopo lake likawa kopo kweli.

Mniambie, mtoto wa miaka tisa ataliweka wapi jambo kama hilo? Kwamba mama yangu mwizi, kwamba mwalimu wangu mwongo, na kwamba mwongo huyo amesema uongo kwa huruma, na huruma yenyewe imelipwa kwa viganja vya kiranja. Nililibeba hivyohivyo. Kiranja aliendelea kuwa kiranja, lakini hakunyoosha tena mkono darasani. Akiitwa apime, anapima, anaweka chini, anarudi kukaa. Ukimuuliza imekuwa ngapi anasema, "Soma mwenyewe."

Mama alimwogopa mwalimu na kumpenda kwa pamoja, miaka yote. Mwalimu akija kununua, mama anarundika dagaa mpaka wanaporomoka, na mwalimu anasema, "Hapana, mama, pima sawasawa tu," na mama anakung'uta kopo, anapima upya. Mwalimu alianza kuleta walimu wenzake, akaleta wakwe, akaleta watu wa kanisani kwake. Anasimama pale mbele ya meza anawaambia kwa sauti, "Nunueni hapa. Kopo la mama huyu halina ujanja." Mama anatabasamu, na wakiondoka anashika kiti.

"Ananikumbusha," alikuwa akiniambia. "Ananishika kwa maneno mazuri nisirudie. Ee Mungu, mwanamke yule ana siri nzito, na hajawahi kunitupia usoni."

Na hakurudia. Biashara ilikua kwa wateja wa mwalimu, ikanisomesha, ikaninunulia cherehani ya kwanza. Mama leo pale Mwaloni ana jina. Wenzake wakigombania kipimo wanamwita yeye aamue. Jina hilo ndilo mali yake, maana nyumba hana na shamba hana.

Mwalimu alistaafu, akajenga Usagara, nyumba ndogo karibu na njia panda. Mwezi uliopita mama, ambaye magoti yanamsumbua, alinituma nimpelekee dagaa. Nilimkuta barazani anachambua mchele na binti mmoja mwalimu mpya, mpangaji wake wa chumba cha uani. Amezeeka, nywele nyeupe, lakini mfukoni bado anatafuta kahawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama hajambo?" Akamgeukia yule binti. "Huyu nilimfundisha. Mama yake ndiye mtu mmoja Mwanza nzima ambaye sikuwahi kumpima. Nilimwamini tu."

Nilicheka kidogo, nikidhani ndiyo yale maneno yake mazuri. Nikakaa. Wakaendelea na mazungumzo yao, na yule binti alikuwa akilalamika kuhusu mtoto mmoja darasani kwake, anayekataa kosa hata ukimwonyesha.

"Mimi sikuwa mtu wa kuchapa," mwalimu akamwambia. "Muulize huyu. Lakini nilichapa mara moja. Kulikuwa na kiranja, mtoto mzuri, alimwaga maji mbele ya mgeni, akakataa mchana kweupe. Huyuhuyu alikuwa ameleta kopo la mama yake. Nilimchapa mara moja tu, na hakusema uongo tena mpaka anamaliza shule. Mtoto akikataa kosa, mchape mara moja, ya nguvu. Hatarudia."

Binti akatikisa kichwa kukubali.

Nilimtazama mwalimu usoni, nikatafuta jicho la siri, la kunikonyeza, la kuniambia tunyamaze wewe na mimi. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuwa amejua. Hakujua siku ile, hakujua mwaka uliofuata, hakujua hata mara moja aliposimama mbele ya meza ya mama na kusema kopo hili halina ujanja. Mama alinyooka maisha yake yote kwa kumwogopa mtu ambaye hakuwa na habari. Na kiranja hakuchapwa kwa huruma. Alichapwa bure.

Ningeweza kunyamaza, na sitaki mtu anidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mama yuko hai. Nikifungua mdomo, mtu anayemheshimu kuliko wote atajua alikuwa mwizi, na kuna mgeni anasikiliza, na Usagara hadi Mwaloni si mbali kwa maneno. Lakini binti yule alikuwa ameshika ungo na fikra zake ziko kwa mtoto wa darasani kwake, naona kabisa anapanga siku ya kumchapa. Hasira ikanipanda. Sijui ilikuwa ya nani.

"Mwalimu," nilisema, "kopo la mama lilikuwa na kitako cha pili."

"Kitako gani?"

"Ndani. Kimechomelewa. Lilikuwa halijai lita nne. Mama alikitoa baada ya siku ile, akidhani umejua. Mpaka leo anadhani unajua."

Nilimngojea amseme mama. Nilikuwa nimejiandaa, maneno ya kumtetea yako mdomoni, baba alituacha, kodi, yote. Kuhusu mama hakusema neno. Alikaa, midomo ikienda bila sauti, na nikaona anarudi kule darasani, analijaza kopo, anamimina, anaangalia.

"Yule kiranja alinikazia macho," alisema. "Aliniambia mara tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi sikupima."

Binti mpangaji aliinamisha uso. Mwalimu aliusukuma ungo pembeni, mchele ukamwagika barazani, wala hakuutazama.

"Yuko wapi?"

"Kirumba. Anachomelea vyuma, karibu na uwanja wa mpira. Ndiye aliyenitengenezea mlango wa banda langu."

"Una namba yake?"

"Ninayo. Lakini Mwalimu, labda tungoje, twende siku nyingine wote, umwone ana kwa ana."

"Mpigie."

Nilipiga, nikaweka sauti kubwa ili asikie. Kulikuwa na kelele za mashine ya kukata chuma, halafu sauti yake juu ya kelele.

"Dada, vipi? Mlango umesumbua?"

"Mlango mzima. Niko Usagara. Kuna mtu anataka kuzungumza nawe. Ni mwalimu wetu wa la tatu."

"Ah. Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu hakuitikia. Aliichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mpaka mdomoni, akaishika kwa mikono miwili.

"Maji yale hukuyamwaga," alisema.

Kule Kirumba mashine ilizimwa. Tukasikia honi ya pikipiki mbali, na mtu anamuuliza amalize kukata au aache.

"Nilikuambia, Mwalimu," alisema.

Hakuuliza maji gani.